Ripoti za Kibra Zina Majina ya Nani?

Ukitoka Makina, ndani ya mtaa wa Kibra hapa Nairobi, kwa miguu, ukakatiza Soko la Toi mpaka Barabara ya Ngong, hata jasho halijakutoka. Pale, katika jengo la Bishop Magua, ndipo iHub, kituo cha wabunifu wa teknolojia, ilipofungua milango yake mwaka 2010. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa zimefika Mombasa mwaka mmoja nyuma, Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa taifa, ilikuwa imezinduliwa 2008, na kila aliyeshika kipaza sauti alituambia kwamba utajiri wa kesho utatokana na ujuzi, si ardhi. Mimi ni Mnubi, mzaliwa wa Makina, na siku hizo nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Maneno hayo yaliniingia sana, kwa sababu ardhi hatukuwa nayo. Waingereza waliwaleta babu zetu kutoka Sudan wawe askari wa King's African Rifles, wakawakalisha Kibra kwenye eneo la zaidi ya ekari 4,000. Hati miliki ambayo jamii yetu ilikuja kukabidhiwa hatimaye, Juni 2017, ni ya ekari 288. Kwa hiyo mtu akiniambia elimu ndiyo shamba la kizazi hiki, namsikiliza kwa makini, kisha namuuliza hati ya hilo shamba jipya imeandikwa kwa jina la nani.

Swali hilo sikulipata kitabuni. Lilinijia polepole, na lilianza na kitambulisho.

Nilipotimiza miaka kumi na minane, mwenzangu niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza alipeleka cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, akaambiwa asubiri. Mimi nilitakiwa kwanza nipite mbele ya kamati ya kupiga msasa, ambayo haikuwa ikikaa kila siku. Nilitakiwa niwe na hati ya kiapo, vitambulisho vya wazazi, na karatasi yoyote ya babu. Baba alifungua sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda akatoa karatasi ya babu yake ya kuachishwa jeshi, imekunjwa mara nne na kufungwa ndani ya nailoni, mikunjo yake imeshaanza kupasuka. Mzee mmoja wa kamati aliishika kwa ncha za vidole.

"Binti, babu mzaa baba aliitwa nani?"

Nikamtajia.

"Na baba yake?"

Nikamtajia pia.

"Alizikwa wapi?"

"Hapa hapa, mzee wangu. Makaburi ya Kibra."

Hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa Mnubi, na nina hakika aliwajua wote niliowataja. Lakini ndiyo kazi aliyopewa, kuwauliza watoto wa majirani zake maswali ambayo watoto wa jamii nyingine hawaulizwi. Mwenzangu wa dawati alikuwa na kitambulisho mfukoni kabla mimi sijapangiwa siku ya kuitwa tena.

Anayedhani huo ni usumbufu mdogo tu hajawahi kujaza fomu ya mkopo. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na wakati huo mwanafunzi hakuweza kuomba mkopo wake bila namba ya kitambulisho. Muhula wangu wa kwanza nilisoma kwa mchango wa msikiti na pesa za nyanya, ambaye alikuwa akisuka tabaga za kufunikia sinia na kuziuza kwa wenye harusi. Mwaka 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za watoto ilitoa uamuzi katika kesi ya watoto wa Kinubi dhidi ya Kenya, ikasema serikali imewanyima watoto hao haki ya uraia tangu kuzaliwa, na kwamba ubaguzi huo umewafuata hadi hospitali na shuleni. Niliusoma uamuzi huo maktabani. Ilikuwa mara ya kwanza kuona maisha yetu yameandikwa kwa lugha ya sheria, na yameandikwa sawasawa. Februari 2025 Rais alitia saini amri kule Wajir ya kuondoa msasa huo maalum wa vitambulisho, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Hata hivyo, kila matokeo ya kidato cha nne yanapokaribia, mimi na wenzangu huwa tunakaa na vijana pale mtaani, na swali letu la kwanza si kozi gani unataka. Tunauliza kama cheti cha kuzaliwa kipo, na kama jina la mama lililo humo linalingana na lile la kitambulisho chake. Herufi moja ikikosewa, unapoteza muhula.

Wakenya wengi wakisikia "jamii zilizotengwa", mawazo yao huenda Turkana, Mandera, Marsabit. Ni kweli, na ni haki. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo zipelekwe kwanza pale ambapo kuna ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, na kaskazini ilikaa pembeni kwa miongo mingi kwa sababu hiyo. Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iwape walio wachache na waliotengwa nafasi maalum katika elimu na uchumi. Kifungu cha 204 kikaunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kwa miaka 20. Lakini hebu kisome vizuri: inayotajwa pale ni maji, barabara, afya na umeme. Elimu ya juu haimo katika orodha. Tena hazina hiyo ni ya maeneo. Mnubi anayeishi kilomita chache kutoka Ikulu hayuko katika eneo lolote lililosahauliwa kwenye ramani. Yeye yuko katikati ya jiji, na bado hayupo.

Kuhusu mambo ya laptopu, bando, na kulala maktabani kwa sababu nyumbani umeme umekatika, sitakaa sana. Kila mwanafunzi maskini anayajua, awe wa kabila kubwa au dogo. La atachimenti pia nitalipita haraka: ukitafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi mwaka wa tatu, nafasi nyingi hupatikana kwa kumjua mtu, na jamii ambayo haijawahi kuwa na mameneja na wakurugenzi haina wa kumpigia simu. Hilo nalo ni sehemu ya uchumi wa maarifa, ingawa halimo kwenye vitabu vinavyoufundisha.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni jambo lingine. Ni kile nilichokiona nilipoanza kufanya utafiti.

Katika kitivo chetu Kibra ilitajwa karibu kila wiki. Ilikuwa mfano wa kila kitu: umaskini, maji taka, siasa, vijana. Na kila ilipotajwa, tuliambiwa ina watu milioni moja, wakati mwingine zaidi. Kisha yakaja matokeo ya sensa ya 2009, na hesabu ya Kibera, jina ambalo Kibra huandikwa kwalo rasmi, ikawa watu 170,070. Nilikwenda kwa mhadhiri na kitabu cha sensa mkononi. Wapo waliobisha kuwa sensa nayo ilikosea, na huenda kuna waliorukwa. Lakini hakuna kosa la kuhesabu linaloweza kuficha watu zaidi ya laki nane. Ile milioni ilikuwa imenukuliwa kutoka ripoti hadi ripoti mpaka ikawa ukweli, na pesa za miradi zikaombwa kwa jina lake. Sisi tuliozaliwa mle tulijua ukubwa wa mtaa wetu kwa miguu yetu. Hakuna aliyetuuliza.

Mwaka huo huo wa 2009 lilitokea jambo lililonifungua macho. Mpaka wakati huo, kwenye ramani za mtandaoni zilizo wazi kwa umma, Kibra ilikuwa doa tupu. Vijana wa mtaani wakafundishwa kutumia vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera, wakatembea vichochoro, wakaweka alama kwenye mabomba ya maji, zahanati, misikiti, makanisa na vyoo, kisha wakavipandisha kwenye OpenStreetMap. Ni wageni wawili waliouanzisha mradi huo, sikatai, lakini miguu na macho vilikuwa vya Kibra, na ramani ilibaki wazi kwa yeyote aitakaye. Nilipoiona Makina kwenye kioo cha kompyuta ya maktaba, na kichochoro chetu kikiwamo, nilielewa kwamba mtu anayechora ramani ndiye anayeamua kipi kinaonekana.

Mwaka wa tatu nikapata kazi ya kukusanya data. Mradi ulikuwa wa chuo cha nje kwa ushirikiano na taasisi ya hapa. Walitafuta wanafunzi wanaojua mtaa, wanaojua lugha, watakaofunguliwa milango. Tulilipwa kwa kila hojaji iliyojazwa. Tulizunguka sehemu za Kibra: Lindi, Kambi Muru, Kisumu Ndogo, Makina. Tuliporudi jioni, kiongozi wa mradi alikuwa akituuliza: kwa nini akina mama wanakataa swali hili? Kwa nini kila mtu anajibu "sijui" hapa? Nasi tukawa tunaeleza. Tukamwambia swali la kodi ya nyumba liulizwe mwisho, kwa sababu mwenye nyumba mara nyingi yuko hapo hapo anasikiliza. Tukamwambia ukimuuliza mama wa Kinubi kama anafanya kazi, atakujibu hapana, hali anapika gurusa za kuuza kila alfajiri, kwa sababu hilo kwake ni jukumu la nyumbani. Hojaji ikabadilishwa. Data ikawa nzuri.

Kule Lindi nilimkuta bibi mmoja aliyenisikiliza mpaka nikamaliza kujitambulisha na kusoma ile karatasi ya ridhaa. Kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, kaa. Nitakujibu yote. Lakini yale ya mwaka jana mliyapeleka wapi?" Nikamwambia sikuwa mimi. "Najua si wewe. Alikuwa kijana mwingine mwenye kalamu kama yako. Na kabla yake mwingine. Mimi nataka tu kujua yakoje, maana ni yangu."

Ripoti ilipotoka ilikuwa ya kuvutia. Majina ya waandishi yalikuwa juu, wote wa mbali au wa ofisi kubwa. Ukurasa wa nyuma waliwashukuru "wasaidizi wa utafiti". Mambo tuliyoyaeleza zile jioni yalikuwa humo, yamepewa istilahi nzuri, yamekuwa ugunduzi. Bibi wa Lindi hakupata nakala. Mtafiti mwenye leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, anatakiwa aipelekee tume hiyo nakala ya ripoti yake ya mwisho, na hilo ni jema, lakini kutoka hapo hadi Lindi ni safari ambayo ripoti nyingi haziifungi.

Siku hizo nilikuwa nikiishi chumba kimoja cha hosteli na binti wa Kiendorois kutoka Baringo. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba jambo hili ni kubwa kuliko mtaa wangu. Watu wake walihamishwa kando ya Ziwa Bogoria miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua vijidudu kutoka chemchemi za moto za ziwa hilo, na vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaingia viwandani, vikatumika katika kufifisha rangi ya jinzi na kwenye sabuni za kufulia. Mzozo ukazuka 2004, mamlaka ya wanyamapori ya Kenya ikidai vilichukuliwa bila kibali stahili wala mgao. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika uliidhinisha uamuzi wa Tume ya Haki za Binadamu kwamba Waendorois walivunjiwa haki zao za ardhi na utamaduni. Usiku mmoja mwenzangu alikaa kitandani na gazeti magotini, akasema baba yake alikuwa akimpeleka kwenye chemchemi zile utotoni, akimwonyesha zipi zina maji ya kutibu ngozi ya mbuzi. "Sisi tulijua maji yale yana kitu," alisema. "Hatukujua tu kwamba ni kitu cha kuuzwa."

Alikuwa akisomea biokemia. Katika kozi yake alifundishwa vimeng'enya vinavyostahimili joto, na Bogoria ikatajwa kama mahali sampuli zilipotoka. Watu wa Bogoria hawakutajwa.

Tangu mwaka 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni. Ningependa kila mwanafunzi anayetoka jamii ndogo aisome kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, kwa sababu atakutana na mtu mwenye hojaji, au yeye mwenyewe atapewa hojaji akaijaze kwao. Na siku hizi si hojaji peke yake. Wapo wanafunzi hapa Nairobi wanaowaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani usiku kucha. Uingereza yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuharamisha biashara ya insha hizo, lakini oda bado zinakuja. Nilimfahamu binti wa Marsabit aliyekuwa amewaandikia watu kazi nyingi za uuguzi kiasi kwamba angeweza kuufundisha, na yeye mwenyewe alikuwa amezuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya karo. Aliyehitimu ni mwingine, mahali pengine, kwa kichwa cha binti huyo. Wapo pia wanaolipwa kidogo kwa saa kuifundisha mitambo ya akili mnemba kutambua picha na maneno, na lugha zao ndogo, zile ambazo hazina kozi chuoni, hapo ghafla zinatafutwa. Siwalaumu hata kidogo. Nawaonea uchungu, kwa sababu ujuzi huo haubaki na jina lao popote, hawawezi hata kuuandika kwenye wasifu wa kuombea kazi.

Leo kazi yangu ni kuratibu tafiti, na nimekaa upande ule mwingine wa meza. Nimejifunza mahali ambapo mlango hufungwa. Ni kwenye kanuni za uandishi. Majarida mengi ya afya hufuata kanuni za ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambazo zinataka mwandishi awe amechangia ubunifu wa utafiti, au ukusanyaji, uchambuzi au ufafanuzi wa data, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki andiko, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Kukusanya data pekee hakutoshi. Basi mwanafunzi wa Kibra anaambiwa, samahani, wewe ulikusanya tu, hukuandika. Lakini kanuni hizo hizo zinasema kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kuandika, kuhakiki na kuidhinisha. Sehemu hiyo haisomwi kwenye mikutano. Mimi huisoma. Huwa naichapa, naiweka mbele ya kila mtu, na nadai kwamba muda wa kuandika uingizwe kwenye bajeti na ulipwe, kwa sababu mwanafunzi ambaye lazima akatafute nauli hawezi kukaa wiki mbili akihariri andiko bure wakati mwana wa profesa anaweza. Nadai pia kikao cha kurudisha matokeo, kwa Kiswahili, mtaani penyewe, kabla andiko halijaenda kwa jarida. Katika kikao kama hicho pale Makina akina mama walitusahihisha jedwali zima kuhusu vioski vya maji, na walikuwa sahihi.

Sasa hivi kuna mkataba mezani kwangu wa mradi utakaofanyika Kibra na Marsabit. Wanafunzi watatu wa hapa wamefanya nami maandalizi yote. Washirika wetu wa nje wamekubali majina mawili. La tatu, la kijana wa Kigabra, wanasema aliifanyia hojaji tafsiri tu, ashukuriwe ukurasa wa nyuma. Kijana huyo alipofika kwenye swali la idadi ya watu katika kaya alisimama akauliza: mnamaanisha waliopo leo, au pamoja na walio fora? Hakuna mezani aliyemwelewa. Akaeleza kwamba wakati wa kiangazi vijana huondoka na ngamia kwenda fora, kambi za mbali za malisho, kwa miezi, na ukihesabu walio nyumbani pekee utawapata wazee, akina mama na watoto, kisha utaandika kwamba jamii haina nguvu kazi na kila mtu anakula kingi kuliko anavyokula. Swali likagawanywa mara mbili, na sampuli yote ikapangwa upya kwa sababu yake. Nimewaandikia washirika wetu barua ya kurasa mbili kuhusu swali hilo moja, nikaambatanisha hojaji ya kwanza na ya sasa, na kile kipengele cha kanuni kimepigiwa mstari. Tutazungumza nao Jumanne, na kijana mwenyewe atakuwapo kwenye simu ili aeleze kwa mdomo wake. Sitatia saini kabla ya hapo.